Mwili Vugiri, Sauti Kwenye Santuri: Jinsi Filamu za Usambara Zilivyoigizwa

Kati ya mwaka 1935 na 1937, Vugiri, katika milima ya Usambara upande wa Korogwe, palikuwa na kituo cha kutengeneza filamu. Filamu 35 zilitoka hapo, nyingi zikiwa fupi, na watu walioonekana ndani yake walikuwa Waafrika wasio na mafunzo yoyote ya uigizaji wa kamera. Mradi wenyewe uliitwa Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu, na watafiti wamezoea kuutaja kwa kifupi chake cha Kiingereza, BEKE. Historia ya mwigizaji wa filamu Tanzania ikianza kuandikwa kwa mpangilio, haina budi kupitia kwenye kilima hicho, hata kama waliokuwa nyuma ya kamera hawakuwa na nia ya kukuza waigizaji.

Wazo halikuzaliwa Tanganyika. Mwaka 1932 J. Merle Davis, Mmarekani wa Baraza la Kimataifa la Misheni, aliongoza uchunguzi wa maisha ya wafanyakazi katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Ripoti yake ilitoka mwaka uliofuata. Vijana walikuwa wakiondoka vijijini kufuata mshahara, na pengo kati yao na wazee waliobaki nyumbani lilikuwa likipanuka. Davis aliona kwamba sinema ingeweza kumfikia hata yule asiyejua kusoma. Shirika la Carnegie la New York likatoa sehemu kubwa ya fedha. Usimamizi wa utengenezaji akapewa Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kuendesha shamba la mkonge Afrika Mashariki, na upande wa elimu ukaangukia kwa G. C. Latham, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa elimu ya Waafrika Rhodesia ya Kaskazini. Bwana shamba na bwana elimu: nafasi mbili za juu hazikuwa na mtu wa jukwaani, na upungufu huo unaonekana katika kazi yote.

Usambara ilifaa kwa sababu za kiufundi. Kule juu kuna ubaridi, na dawa za kusafishia filamu huharibika au hufanya kazi kwa kasi isiyotakiwa maji yakiwa ya moto. Mazingira nayo hubadilika ndani ya mwendo mfupi: msitu, mashamba ya milimani, vijiji vya Wasambaa, kisha chini tambarare ya mkonge. Reli ya Tanga ilikuwa imefika Korogwe tangu enzi za Wajerumani, kwa hiyo mizigo kutoka bandarini haikuwa na safari ngumu isipokuwa ile ya kupanda mlima.

Uamuzi uliogeuza kila kitu ulikuwa wa sauti. Kufikia mwaka 1935 sinema za Ulaya na Marekani zilikuwa zimekwisha kuhamia kwenye sauti iliyochapwa pembeni mwa filamu yenyewe. BEKE hawakufuata njia hiyo. Walipiga picha kwa filamu ya milimita 16 isiyo na sauti, kisha wakarekodi sauti kwenye santuri. Wakati wa maonyesho, mtambo wa kuonyeshea picha na mtambo wa santuri iliendeshwa pamoja.

Hoja yao ilikuwa na nguvu. Filamu ilikusudiwa kupita Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Sauti ikichapwa kwenye filamu, kila lugha inahitaji nakala yake ya picha, na nakala ni ghali. Sauti ikiwa kwenye santuri, picha inabaki ileile, inabadilishwa sahani tu: ya Kiswahili ikitolewa, ya Kiganda, ya Kibemba au ya Kinyanja inawekwa. Kwa mradi wa fedha za msaada, hesabu hiyo haikuwa na mpinzani.

Kasoro yake ilikuwa kwenye mwendo. Filamu ya milimita 16 ina picha zipatazo 131 katika kila mita moja. Filamu ya mita 122, ikizungushwa kwa picha 24 kwa sekunde, huisha kwa dakika 11 hivi. Filamu ikikatika, fundi huondoa vipande vilivyochanika na kuunga ncha mbili. Akipoteza picha 12, amepoteza nusu sekunde. Santuri haijui habari hiyo. Inaendelea na urefu wake wa awali. Filamu iliyokatika mara kadhaa huwa imeitangulia sauti yake, na msimulizi anaanza kueleza kitendo ambacho watazamaji wamekwisha kukiona. Ongeza mchango wa barabara za vumbi, sindano iliyochakaa na mota inayokwenda kwa umeme usiotulia, utaona kwa nini mazungumzo ya mdomo kwa mdomo yalikuwa hatari. Kilichoweza kuhimili tofauti ya sekunde moja au mbili ni maelezo ya jumla, yaani sauti ya mtu asiyeonekana akieleza kinachoendelea.

Hapo ndipo kazi ya mwigizaji ilipobadilika. Mtu aliyesimama mbele ya kamera Vugiri hakuwa na maneno ya kukariri. Hata kama alifungua mdomo, kilichosikika baadaye kijijini kilikuwa sauti ya mtu mwingine, katika lugha ambayo pengine yeye mwenyewe hakuijua. Alichobakiwa nacho ni mwili: jinsi anavyotembea, anavyopokea fedha kwa mikono miwili, anavyogeuka kuangalia nyuma akiwa na la kuficha. Kitendo kilibidi kiwe kikubwa kiasi cha kueleweka kutoka mbali, na kirefu kiasi cha kumpa msimulizi nafasi ya kumaliza sentensi yake. Mwongozaji kwa upande wake alikuwa na uhuru wa kupiga kelele za maelekezo wakati kamera inazunguka, kwa kuwa hakuna kipaza sauti kilichokuwa kikimsikiliza. Mwigizaji asiye na uzoefu hupata nafuu katika mazingira hayo, lakini pia hujenga tabia ya kungoja kuambiwa.

Kwa wenyeji wa Usambara mgawanyo huo ulikuwa mgeni. Mtambaji wa hadithi za Kisambaa, anayesimulia jioni habari za mwindaji Mbegha na ukoo wa watawala wa Wakilindi, hubeba kila kitu peke yake. Yeye ni mwindaji, ni nguruwe, ni mtemi, ni umati. Anapokezana sauti bila kubadili mahali alipokaa. Wasikilizaji nao humjibu. Ufundi wake wote uko kwenye sauti na uso vikiwa pamoja. BEKE walivitenganisha vitu hivyo viwili, wakachukua uso wa mtu mmoja na sauti ya mwingine, kisha wakaondoa kabisa jibu la msikilizaji. Kwa mtu aliyekulia katika utambaji, nusu ya kipaji chake ilibaki nje ya fremu.

Filamu iliyohusu benki ya akiba ya posta inaonyesha mbinu ilivyokuwa. Wafanyakazi wawili wanapokea mshahara. Mmoja anaficha fedha zake nyumbani na mwizi anazichukua. Mwingine anazipeleka posta na zinabaki salama. Kisa hicho kinafaa kwa uigizaji wa kimya kwa sababu kila hatua yake ni tendo la mkono: kupokea, kuficha, kunyemelea, kuiba, kuweka. Hakuna jambo linalohitaji mhusika aeleze anachofikiri. Mwizi ndiye mwenye kazi nzito zaidi, maana ni lazima nia yake isomeke kabla hajagusa chochote. Katika muundo wa namna hii mwovu humzidi mwema kwa mvuto, na somo la kuweka akiba linajikuta likibebwa na mtu anayepaswa kuchukiwa.

Filamu nyingine, *Gumu*, ilimfuata kijana wa shamba aliyekwenda mjini na kupotoshwa na maisha ya huko. Zilikuwepo pia za kodi, malaria ya watoto wachanga, safura na mmomonyoko wa udongo. Hizi za afya na kilimo hazikuhitaji waigizaji kwa maana kamili. Zilihitaji watu wa kuonyesha. Tofauti ya mwigizaji na mwonyeshaji haikusisitizwa sana Vugiri, na huo ni udhaifu wa pili baada ya ule wa sauti. Filamu ya mmomonyoko ina historia ya baadaye inayopaswa kutajwa. Mwaka 1946 serikali ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi katika bonde la Mlalo, Lushoto, ukapanuliwa kuwa Mpango wa Usambara, na wakulima wakalazimishwa kulima matuta. Waliupinga hadi ukaachwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Mkulima wa Mlalo hakukataa kwa kukosa kuelimishwa kwa picha. Alikataa kwa sababu matuta yalidai kazi nyingi na mavuno hayakuonekana kuilipa.

Mwendo wa filamu hizo ulikuwa wa taratibu kwa makusudi. Wataalamu wa kikoloni wa zama hizo waliamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata mikato ya haraka wala kuruka kwa muda. Baada ya mwaka 1939, Kitengo cha Filamu cha Makoloni kilichoongozwa na William Sellers kiliigeuza imani hiyo kuwa kanuni: matukio yafuatane bila kuruka, hila za kamera ziepukwe, picha ikae muda mrefu. Kwa mwigizaji, picha inayokaa muda mrefu bila kukatwa ni mtihani, maana hana mhariri wa kumwokoa. Akichoka katikati, uchovu wake unaonekana. Akiitazama kamera, kosa hilo linabaki kwenye filamu. Kanuni iliyotungwa kwa kumdharau mtazamaji ikawa inamdai mwigizaji zaidi ya alivyodaiwa nyota wa Hollywood.

Maonyesho yalifanywa kwa lori lililobeba skrini, mitambo na jenereta. Ziara kubwa ya kwanza, iliyoanza mwaka 1935 na kumalizika mwanzoni mwa 1936, ilipita katika nchi zote tano na kuonwa na watu makumi ya maelfu. Umati wa usiku hauwi kimya, na santuri haiwezi kungoja kicheko kipungue. Ndiyo maana msimulizi hai, anayeongea papo kwa papo kwa kipaza sauti, daima alikuwa na nguvu kuliko sahani. Njia hiyo ilirudi kwa mlango mwingine miongo mingi baadaye: mabanda ya video ya Uganda yalipata wasimulizi wao, na Tanzania ikampata Lufufu, wakitafsiri filamu za kigeni na kuzichezea sauti za wahusika wote. Lufufu alikuwa karibu zaidi na mtambaji wa Usambara kuliko santuri za Vugiri zilivyowahi kuwa.

Mradi ulifungwa mwaka 1937 fedha zilipokwisha. Serikali za makoloni hazikukubali kuuendeleza, na ubora wa picha na sauti ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyolalamikiwa. Notcutt na Latham walichapisha kitabu chao mwaka huohuo, nacho ndicho chanzo kikuu cha habari za kazi yao.

Mwigizaji wa Tanganyika alirudishiwa sauti yake mwanzoni mwa miaka ya 1950. Serikali ilishirikiana na kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg kutengeneza filamu za hadithi kwa Kiswahili, zikiwemo *Muhogo Mchungu* na *Chalo Amerudi*. *Muhogo Mchungu* ilimleta mshamba Dar es Salaam na kumwacha akumbane na wajanja wa mjini, yaani kisa cha *Gumu* kikiwa kimegeuzwa kichekesho. Safari hii mhusika aliongea mwenyewe, na kichekesho hakiwezekani bila hilo, kwa kuwa ushamba wa mtu husikika kabla haujaonekana.

Aliyeigiza nafasi ya mbele katika filamu hizo alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, mzaliwa wa Songea mwaka 1926 na mwanafunzi wa Tabora, wakati huo mtumishi wa serikali katika kazi za maendeleo ya jamii. Hakuna mwigizaji mwingine wa Afrika Mashariki ambaye maisha yake yalikwenda mbali kiasi hicho na kamera. Mwaka 1955 akawa Katibu Mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika. Januari 1962, Nyerere alipojiuzulu, akawa Waziri Mkuu, baada ya Muungano akawa Makamu wa Pili wa Rais, kisha Waziri Mkuu tena kuanzia 1972 hadi 1977. Wanaomkumbuka kama Simba wa Vita mara nyingi hawajui kwamba Watanganyika wengi walimwona kwa mara ya kwanza akiwa mshamba anayechekesha kwenye skrini ya kitambaa. Kuongea na umati unaokuja jioni, kwa Kiswahili kinachoeleweka na kila kabila, ni ujuzi uleule kwenye sinema na kwenye mkutano wa wafanyakazi. Alifariki dunia tarehe 31 Desemba 2009.

Kati ya filamu 35 za Vugiri, tatu zinajulikana kubaki, zote zikiwa katika hifadhi ya Taasisi ya Filamu ya Uingereza: ya mafunzo ya mifugo, ya mashamba ya Kingolwira, Morogoro, na ya safura. Ile ya akiba ya posta, pamoja na mwizi wake, haimo.