Maji, Uzi na Chaki

Kwa wiki nzima nilidhani madereva wa Unguja wamekuwa wema kupita kiasi. Kila nikitoka Paje usiku kurudi mjini, gari zinazokuja mbele yangu zinanipigia fuli mara mbili, mara tatu. Nami napunguza mwendo, nakaza mkanda, natafuta trafiki aliyejibanza nyuma ya mwembe. Trafiki hayupo. Usiku wa tano, kwenye matuta ya Jozani, yale yaliyowekwa ili kima punju wasigongwe, dereva mmoja alisimama sambamba na mimi, akateremsha kioo. "Ndugu yangu, utatuua. Taa zako zinatazama mbinguni."

Siku chache nyuma nilikuwa nimebadilisha globu mwenyewe, na katika kuhangaika na springi yake nilizungusha kila skrubu niliyoiona nyuma ya taa.

Nikataka kuzirekebisha mwenyewe vilevile. Lakini mimi nakaa Mji Mkongwe, ambako gari inalala mbali na mwenyewe na kuta zetu za mawe na chokaa zimevimba matumbo. Ukuta ulionyooka huupati, na ukiupata, hupati nafasi ya kurudi nyuma mita 10 bila kuingia kwenye baraza ya mtu. Ikabidi nivuke kwenda Ng'ambo, kwa fundi mmoja ambaye mtaa mzima unamwita Ami.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Umeleta taa au umeleta gari?"

Sikulielewa swali lile mpaka nilipomuona akifanya kazi. Kwa muda mrefu sana taa hakuzigusa. Alipima upepo wa tairi zote nne, kwa sababu tairi moja ikilegea gari inainamia upande, na taa nazo zinainama. Akafungua buti akatoa kila kilichokuwemo: dumu la maji, mkeka, mzigo wa nazi niliousahau. Akaniweka kwenye usukani, nikae nitulie. "Uzito wako ni sehemu ya gari," alisema. Halafu akaibonyeza gari kwa mikono miwili, mbele na nyuma, ikayumba na kutulia mahali pake pa kweli.

Kisha akaleta mpira wa maji. Ule mwembamba, unaoona ndani, ambao waashi huutumia kusawazisha msingi wa nyumba. Baba yake alikuwa mwashi, na nadhani hiyo ndiyo siri ya mzee yule: ameingia kwenye umeme wa magari na vifaa vya ujenzi. Aliujaza maji, akaupigapiga kwa kidole mpaka mapovu yote yakatoka, maana povu moja linatosha kuharibu hesabu. Ncha moja kwenye tairi ya mbele, ncha nyingine kwenye ya nyuma. Maji yakaonyesha kwamba tairi ya nyuma kushoto imekaa chini kwa unene wa vidole viwili. Gari ikasogezwa, ubao ukawekwa, ikarudishwa, akapima tena.

Hapo ndipo akaupeleka mpira ukutani. Kwenye kioo cha kila taa aliweka alama mbele ya globu, akaichukua alama ile kwa maji, ng'ambo ya mita 10 za ua, mpaka kwenye chokaa. Katikati ya ua palikuwa na bonde dogo ambapo kuku walikuwa wanaoga mchanga. Halikumsumbua. Gari ikishasimama sawa, ardhi ya katikati ipande au ishuke, maji ya ncha mbili yanalingana tu. Vitabu vingi vinamwambia mtu atafute uwanja tambarare. Kisiwa hiki kwa sehemu kubwa ni mwamba wa matumbawe, na uwanja tambarare ni mali ya matajiri.

Akatundika timazi ukutani, akabandika kipande cha utepe katikati ya kioo cha mbele na kingine katikati ya kioo cha nyuma, akachuchumaa nyuma ya gari akifumba jicho moja. Vipande viwili na uzi vilipofichana nyuma ya kimoja, katikati ya gari ilikuwa imeelekea kwenye uzi. Akachora chaki: mistari miwili ya kusimama, mmoja kwa kila taa, na mstari wa kulala kwenye kimo cha taa, ambacho kwa gari yangu ni sentimita 65. Chini yake, sentimita 10 kamili, akachora mwingine.

Sentimita 10 kwa mita 10 ni mteremko wa asilimia 1, kipimo kinachotumika sana kwa gari ndogo. Maana yake mwanga wa dimu unaoanza sentimita 65 juu ya lami utaigusa lami mita 65 mbele. Sasa angalia udogo wa kosa. Digrii moja tu, kwa umbali ule wa ukuta, ni sentimita 17 na nusu. Taa iliyopandishwa digrii moja haiteremki tena, inapaa. Ikifika mita 60 iko mita moja na kitu kutoka chini, pale penye macho ya dereva anayekuja. Skrubu zangu sijui nilizizungusha digrii ngapi.

Maghribi ilikuwa imekwisha adhiniwa, na Ami alikwenda kuswali kwanza. Aliporudi giza lilikuwa la kutosha. Tuliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima kilipokosa umeme karibu miezi 3, tunalijua giza ambalo taa ya gari ndiyo taa pekee ya mtaa. Giza la jioni ile lilikuwa la kiungwana zaidi. Akawasha dimu, akasimamisha boksi mbele ya taa moja bila kuigusa, kioo kisiungue.

Nimeendesha gari miaka mingi bila kujua kwamba dimu ina umbo. Juu ina mkato, kama pindo la kanga, mwanga chini na giza juu. Upande wa kulia mkato umelala. Upande wa kushoto unapanda, kama digrii 15. Huo mkono wa kushoto haukuwekwa kwa urembo. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo mwanga unaopanda unaangukia ukingo wa njia, ambako mama aliyevaa buibui jeusi anarudi tarawehe, ambako baiskeli haina taa. Wajapani nao wanaendesha kushoto, ndiyo maana gari zao zilizotumika zinatufaa bila marekebisho. Gari ya usukani wa kushoto iliyopitia Dubai mkono wake unapanda kulia, kwenye macho ya mwenzio, na hilo, alisema Ami, halina skrubu. Unabadilisha taa nzima.

Bisibisi yenyewe ilikaa mkononi mwake pengine dakika nne. Robo mzunguko, anatazama ukuta. Robo nyingine. Aliuteremsha mwanga ukapita mstari kwenda chini, ndipo akaupandisha taratibu mpaka pindo likakaa juu ya chaki. Nilimuuliza kwa nini asiusimamishe palepale ulipopita. Akasema jino la skrubu lazima liegemee kitu, vinginevyo shimo la kwanza la njiani litalihamisha.

Nikamuuliza pia kuhusu zile globu za LED nyeupe zinazouzwa kama dawa ya kila kitu. Aliguna. Reflekta imechongwa kwa waya mmoja mwembamba uliokaa mahali pamoja. Ukiweka kitu kinachong'aa mahali pengine pindo linachanika, na ukuta wote unakuwa mweupe. Alinionyesha kwenye gari ya jirani. Kweli, hapakuwa na pindo. Palikuwa na moto tu.

Nilipokuwa nalipa nikaona jinsi ukuta ule ulivyojaa mistari, jozi juu ya jozi, ya chini kabisa ya gari kama yangu, ya juu ya malori ya shamba. Hafuti hata mmoja. Nilipotaka kurudisha nazi kwenye buti, akanikumbusha kile kidude cha namba karibu na usukani, 0 hadi 5, ambacho sikuwahi kukigusa: siku ukipakia watu nyuma kwenda Makunduchi, zungusha namba juu, mwanga uteremke.

Usiku ule nilikwenda Paje na kurudi bila shughuli yoyote. Jozani, kimya. Kitogani, kimya. Karibu na Tunguu gari moja ikanipigia fuli mara mbili. Nikaishiwa nguvu, nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia Ami, na nilikuwa bado nayatafuta nilipokata kona nikamkuta trafiki amesimama katikati ya njia, mkono juu.