Mke Aliyetoka Ziwani: Siri na Nasaba ya Wanawake katika Ngano ya Nyamgondho

Katika ngano za mwambao wa kusini wa Nyanza, chache zimeenea kama ile ya Nyamgondho mwana wa Ombare. Mvuvi huyu maskini wa Gwassi, katika Homa Bay ya leo, alivuta wavu wake akamkuta ndani mwanamke mkongwe. Alimpeleka nyumbani, akamwoa, na mifugo ikatoka ziwani kumfuata bibi huyo mpaka boma likajaa. Alipokwisha kutajirika, Nyamgondho aliongeza wake, akazoea pombe, na usiku mmoja alipokawia kufunguliwa lango alimtukana mke wake kwamba ni mtu wa kuokotwa majini. Mwanamke alirejea ziwani, na mifugo yote ikamfuata. Mume alibaki ufukoni ameegemea fimbo, akageuka mti. Wenyeji wa Nyandiwa huwaonyesha wageni alama za nyayo mawe­ni hata leo.

Ufafanuzi uliozoeleka wa ngano hii ni wa kimaadili: ulevi na kiburi humwangusha mtu. Hatuukatai, lakini twaona kwamba haukifikii kiini. Adhabu katika ngano haifuati pombe, inafuata tusi. Na tusi lenyewe ni kutoboa siri. Nyumba ile ilisimama juu ya kimya cha mume kuhusu asili ya mkewe. Isitoshe, ngano inaitwa kwa jina la mwanamume na la baba yake. Mwanamke, ambaye mifugo ni yake, hatajwi kwa jina.

Kutotajwa huku kuna maana kubwa katika jamii ya Waluo. Kwa desturi yao, mke hutoka ukoo mwingine, huhamia kwa mume, na huko huitwa kwa mahali alikotoka: nyar Gwassi, nyar Kanyamwa, yaani binti wa mahali hapo. Wazee wa kiume wanapohesabu mababu, mama hupotea katika orodha. Lakini neno nyar hubaki midomoni mwa watu, na kwa hilo mjukuu hujua bibi yake alitoka wapi. Hiyo ndiyo nasaba ya wanawake. Mke wa Nyamgondho hana mahali pa kuitwa isipokuwa maji. Kwa hiyo yeye si kiumbe cha ajabu tu. Ni mke mgeni katika hali yake iliyo kamili, na kila aliyeolewa mbali anaweza kujiona ndani yake.

Hapa hapana budi kuuliza: nani alisimulia, na kwa nani? Zamani wasichana wa Kiluo walilala katika siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee, na huko ndiko walikopata ngano na mafunzo ya maisha. Mwanahistoria David William Cohen, katika makala yake ya 1985, alimchunguza mlezi huyo aitwaye pim, akaonyesha kwamba mara nyingi alitoka nje ya ukoo uliomweka. Basi msimulizi mwenyewe alikuwa mgeni, akisimulia kwa wasichana ambao kesho wangekuwa wageni katika maboma ya watu. Hadhira hiyo haikuwa na haja kubwa ya kuonywa juu ya pombe. Ilikuwa inaambiwa kwamba mali ya boma yaweza kutokana na mwanamke asiyetajwa, na kwamba asili yake yaweza kugeuzwa tusi siku yoyote.

Jambo hili lina upande wa lugha pia. Gwassi ni nchi ya Wasuba, na Kisuba ni lugha ya Kibantu ambayo imekuwa ikiipisha Dholuo, lugha ya Waluo. Duncan Okoth Okombo na Franz Rottland waliandika juu ya mabadiliko hayo katika miaka ya 1980, na ndoa kati ya Wasuba na Waluo hutajwa miongoni mwa sababu zake. Kutoka Mfangano hadi Muhuru katika Migori, yawezekana kabisa lugha ya mama isiwe lugha ya bibi. Mkusanyaji anayenasa ngano kwa Dholuo peke yake, bila kuuliza msimulizi aliisikia kwa lugha gani na kwa nani, huandika kisa na kuiacha siri ya ukoo palepale.

Riwaya ya Margaret Ogola, *The River and the Source* (1994), ilijaribu kuitaja nasaba hii waziwazi: Akoko, binti yake Nyabera, mjukuu wake Elizabeth Awiti, na watoto wa Awiti. Huo ni ushindi mkubwa. Hata hivyo, twaona kwamba mwandishi amewapa wanawake wake heshima nyingi kuliko siri. Anayofundisha mama, binti huyapokea bila mikunjo mingi. Riwaya inapata uzito mwingine pale Becky anapokufa kwa UKIMWI, na wanawe wakalelewa na Wandia, mke wa kaka yake, Mkikuyu aliyeolewa katika ukoo huo. Mgeni ndiye anayeushika uzi. Hapo Ogola amekutana na ngano ya Gwassi, na hapo wasomaji wa Homa Bay na Migori, ambako bibi wengi wamelea wajukuu walioachwa na ugonjwa huo, hawahitaji kuelezwa ni mambo gani hunyamaziwa nyumbani.

Ngano ya Nyamgondho, basi, isifundishwe tena kama kisa cha mlevi tu. Kila inapokusanywa, pamoja na matini yake yaandikwe pia mahali alikozaliwa msimulizi, mahali alikoolewa, na aliyemsimulia. Maswali haya matatu hayana gharama, na wenye kuyajibu ni wazee. Wakiondoka kabla ya kuulizwa, tutabaki na jina la mvuvi na mti wake.