Buda, Mzee na Baba

Umepata kumwita baba yako "buda", msomaji? Kama hukuthubutu mbele yake, huenda umemtaja hivyo mbele ya wenzako. Neno hili lilikulia katika Sheng ya mitaa ya mashariki ya Nairobi, likapanda matatu, likapita Nakuru na Njoro, hata likatufikia huku Mau Narok penye baridi na viazi. Jioni moja jirani yangu mkulima alinijia na simu mkononi. Mwanawe alikuwa ameondoka nyumbani kwa hasira akanyamaza miaka mitatu, sasa alikuwa ameleta maneno matatu tu: "Buda, uko poa?" Mzee yule alitaka kujua kama ametukanwa.

Sikumjibu upesi, nawe usijibu upesi.

Kwanza tutazame asili ya neno. Katika Kihindi na Kipunjabi, "buddha" ni mwanamume mzee, mtu aliyekula chumvi nyingi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901 ilijengwa na Wahindi zaidi ya 30,000, wengi wao watu wa Punjab, na baadaye maduka ya Kihindi yakaenea kandokando yake, Nakuru ikiwamo. Sauti na maana za maneno haya mawili zapatana hata sioni sababu ya kutafuta asili nyingine. (Usilichanganye na jina la Buddha, yule mwenye dini, hilo maana yake ni "aliyeamka".) Wala ugeni wa neno si kosa. "Gunia" tunalojazia viazi na "gari" linalovichukua yametoka Bara Hindi vilevile, na sijamsikia mkulima akiyalalamikia.

Hapo ndipo vijana hushangilia. Husema, "Buda ni mzee, na mzee ni neno la heshima, basi kosa liko wapi?" Hoja hiyo yapendeza, lakini ina nusu tu ya ukweli. Kwetu uzee ni daraja. Jomo Kenyatta aliitwa Mzee na taifa zima mpaka alipofariki mwaka 1978, na hakuna aliyedhani anakumbushwa mvi zake. Mke humtaja mumewe "mzee wangu", na mtoto humtaja baba yake vivyo hivyo. Mmaasai naye humheshimu mtu kwa kumwita "olmoruo". Bali Mhindi mwenye adabu hamwiti babu yake "buddha" usoni. Ana neno jingine la heshima, "buzurg". "Buddha" lina ukali kidogo, kama la mtu anayemsema mwingine aliyekwisha kupita. Maneno mawili yaweza kuwa na maana moja katika kamusi na yasiwe na uzito mmoja mdomoni.

Tena liko jambo lililo kubwa zaidi kuliko asili. Kikuyu, ambacho wengi wetu hapa twakisema, hakina neno moja la baba. Baba yangu ni "baba", baba yako ni "thoguo", baba yake ni "ithe". Huwezi kumtaja baba wa mtu bila kusema ni wa nani. Kimaasai nacho hutenga "papa", anayeitwa na mwanawe mwenyewe, na "menye", baba wa mwingine. Lugha hizi zimefunga neno hilo kwenye undugu kama ndama kwenye kigingi. "Buda" halifungwi popote. Kijana humwita hivyo baba yake, kisha dalali wa viazi, kisha askari wa barabarani, hata mwanafunzi mwenziwe wa miaka 16. Hili ndilo kosa ninalolitia neno hili. Si kwamba ni tusi, bali limegawiwa watu wengi mno. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wana "dingi" na "mshua", na kwa kadiri nilivyoyasikia, hayo yamebaki karibu zaidi na nyumbani.

Lakini nisiwe mkali kupita kiasi. Neno "baba" lenyewe limegawiwa pia: Raila Odinga, aliyefariki mwaka 2025, aliitwa Baba na watu wasiohesabika, wala baba zao hawakuona wivu. Tena kijana mwenye aibu hujificha nyuma ya mzaha. Kusema "baba" baada ya miaka mitatu ya kimya kungekuwa sawa na kupiga magoti. "Buda" lilimwezesha kubisha hodi akiwa wima.

Nilimweleza jirani yangu hayo yote, reli na Punjab na "buzurg", naye akasikiliza kwa subira ya mtu anayengoja mvua ipite. Nilipokwisha akaniuliza, "Mwalimu, na rafiki zake huwaita hivyo pia?"

Nikasema, "Naam, mzee, huwaita hivyo."

Akafikiri. "Lakini haya ameyaleta kwangu."

"Ndiyo, kwako."

Akanipa simu, maana macho yake hayaoni herufi ndogo, akaniambia niandike kwamba yuko, na kwamba viazi vya shamba la chini vitachimbwa juma lijalo.

Nikamwuliza atie sahihi gani.

"Andika, 'Ni mimi, baba.'"