Fanani wa Kibandani: Usimulizi wa Filamu Mathare

Mhakiki anayeingia katika kibanda cha video cha Mathare kutazama filamu ya Hong Kong hukuta matini mbili zikienda sambamba. Ya kwanza ni picha. Ya pili ni sauti ya DJ Afro, msimulizi anayejulikana Kenya nzima, akiieleza picha hiyo kwa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng. Sauti ya filamu yenyewe hushushwa, na pengine hufunikwa kabisa.

Kumwita msimulizi huyu mkalimani ni kumpunja. Mkalimani hufungwa na maneno ya mhusika, ilhali huyu huzungumza hata pale wahusika wanaponyamaza: humtambulisha shujaa, hueleza kisasi kilikoanzia, hudokeza kipigo kijacho. Hizo ni kazi za fanani wa ngano. Tofauti ni moja, nayo ni nzito. Fanani wa jadi hukigeuza kisa kwa kuitazama hadhira yake. Sauti iliyorekodiwa haisikii kicheko cha kibandani. Wale benshi wa Japani, waliosimama kando ya kiwambo enzi za filamu bubu, walikuwa karibu zaidi na fanani wetu kwa hili. (Lufufu wa Dar es Salaam na VJ Jingo wa Kampala wanastahili uchunguzi wao wenyewe.)

Usimulizi huu waweza kulinganishwa na X-Ray, huduma ya maelezo ambayo Amazon iliiweka katika filamu mwaka 2012, au na programu-jalizi za vivinjari zenye kazi kama hiyo. Lakini maelezo hayo hukaa pembeni: jina la mwigizaji, jina la wimbo, basi. Msimulizi huingia ndani. Mhusika aliyeachwa na mtunzi bila kauli akishapewa nia na msimulizi, nia hiyo ndiyo itakayobaki kwa mtazamaji asiyejua Kikantoni. Kimya cha shujaa kabla ya pambano ni sehemu ya usanii wa filamu, na kukijaza mzaha ni kukifuta. Filamu ya mapigano hustahimili hasara hiyo, kwa kuwa mwili wa mwigizaji huendelea kusema. Tamthilia yenye maneno machache haistahimili.

Hata hivyo, anayedai manukuu ya Kiingereza badala ya msimulizi hana budi kueleza anamtetea nani. Manukuu yangekihifadhi kimya hicho, lakini yangemtaka mtazamaji wa Mathare asome upesi, kwa lugha ya darasani, maandishi madogo yaliyo chini ya kiwambo ambacho wenzake wa mbele wamekikinga kwa vichwa vyao.