Mkono Unaoanika Vitabu

Msomaji wa Matendo ya Mitume anaijua Efeso kwa moto. Sura ya 19 inasimulia waganga walioongoka wakaleta vitabu vyao na kuvichoma hadharani, na thamani yake ilipohesabiwa ikafika vipande 50,000 vya fedha. Haikupita karne moja, mji ule ule ukajengewa nyumba ya kutunzia vitabu. Aliyeijenga ni Tiberius Julius Aquila, kwa heshima ya baba yake Celsus, aliyekuwa konsuli wa Roma mwaka 92. Celsus mwenyewe alizikwa humo humo, chini ya vitabu.

Magofu yake yako Uturuki. Uso wa mbele, wenye nguzo za marumaru, ulisimamishwa upya na wataalamu wa Austria kati ya 1970 na 1978, na wageni humiminika kuupiga picha. Mtu wa Kilosa, Morogoro, akifika pale asikawie kwenye nguzo. Aingie ndani atazame ukuta. Atakuta ziko kuta mbili: wa nje unabeba jengo, wa ndani una vishubaka vya kuwekea vitabu, na katikati pameachwa nafasi ya hewa. Ni akili ile ile ya kihenge kilichoinuliwa juu ya ardhi ili mahindi yasivute unyevu. Jengo linatazama mashariki, kama alivyoshauri Vitruvius, fundi mjenzi wa Kirumi: mwanga wa asubuhi hufaa chumba cha vitabu, ilhali pepo za kusini na magharibi huleta ukungu na wadudu.

Walioijenga walimfikiria mtunzaji mapema kama walivyomfikiria msomaji. Liliwekwa fungu la dinari 25,000 kwa ajili ya maktaba. Warumi walipaka magombo ya mafunjo mafuta ya mwerezi kuzuia wadudu, na gombo lililochakaa lilinakiliwa upya. Inakadiriwa Efeso ilikuwa na magombo 12,000. Halikubaki hata moja. Moto wa karne ya tatu uliunguza ndani, na hapakuwa tena na mkono wa kurudishia. Marumaru imetufikia, kilichoandikwa hakikutufikia.

Kilosa inaijua hasara ya namna hii kwa uchungu. Desemba 2009 kuingia Januari 2010, mto Mkondoa ulivunja tuta, maelfu ya watu wakahama nyumba zao, na reli kati ya Kilosa na Gulwe ikakatika. Maji yakiingia ndani hayabagui: daftari la mtoto, cheti cha kuzaliwa, hati ya shamba, Msahafu na Biblia hulowa pamoja. Hapo ndipo ufundi wa mkutubi huonekana. Asiyejua hukimbilia kuanika juani, na jalada likapinda. Anayejua hutafuta kivuli chenye upepo. Hukisimamisha kitabu wima, akakifungua kidogo tu, akapachika karatasi kavu kati ya kurasa na kuzibadilisha kila zinapolowa. Kurasa zilizogandana hazilazimishi. Tena hufanya haraka, maana ukungu huweza kuanza kuota baada ya siku mbili. Kazi hiyo haina makofi, nami sijui nyingine inayodai subira na wepesi kwa pamoja kiasi hicho.

Utunzaji huo si wa karatasi tu. Kusini ya Kilosa ni nchi ya mikumi, miti mirefu iliyoipa jina hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964. Huko India, mti wa ukoo huohuo ulitoa vitabu kwa karne nyingi. Majani yalikaushwa na kusuguliwa, mwandishi akachanja herufi kwa kalamu ya chuma, kisha akapaka masizi ili zisomeke. Joto na wadudu waliyala, kwa hiyo kila baada ya vizazi kadhaa yalinakiliwa tena. Miti ilikuwa ya wote. Vitabu vilibaki kwa wale waliokuwa na wanakili.

Mamboya, wilayani humu humu Kilosa, mmisionari J. T. Last alikaa mwanzoni mwa miaka ya 1880 akiandika maneno kutoka vinywani mwa Wakaguru. Sarufi yake ya Kikaguru ilichapwa London mwaka 1886, na hadi leo inasomeka kwa sababu maktaba za mbali ziliilea. Walimu walikuwa wazee wa Ukaguru, walezi wa kitabu wakawa wengine.

Basi diwani, mwalimu mkuu, mjumbe wa kamati ya shule: kabla ya kuomba shehena nyingine ya vitabu, tafuta kwanza mtu wa kuvitunza. Mfundishe, umpe chumba kisichovuja na rafu zilizoachana na ukuta na sakafu, na umlipe. Vitabu visivyo na mtunzaji ni chakula cha mchwa kilichochelewa kuliwa.