“Punguza Picha”: Agizo Moja, Kazi Tatu

Kuna agizo linalosikika sana ofisini na madarasani: “Punguza picha kwanza, ndipo uitume.” Katika makala haya mafupi tunalihakiki agizo hilo. Hoja yetu ni kwamba kitenzi kupunguza, kwa jinsi kinavyotumika hapa, kinaficha kazi tatu tofauti, na anayeumia ni mtumiaji wa lugha.

Tuchukue mfano wa Lobule, wilayani Koboko, wilaya iliyomegwa kutoka Arua mwaka 2005. Tangu mwaka 2013 pana makazi ya wakimbizi kutoka Kongo, na Kikakwa, Kilingala na Kiswahili husikika. Mzazi anayemtafutia mwanawe nafasi ya masomo huenda akatakiwa kutuma picha ya cheti kilichotoka Kongo. Akiipunguza vibaya, jina na alama za mtoto hugeuka ukungu. Aliye upande wa pili hawezi kuamua kwa ukungu.

Kazi ya kwanza ni kupunguza vipimo. Picha ya nukta 4000 kwa 3000 ina nukta milioni 12. Ikifanywa 1600 kwa 1200 hubakiwa na nukta zisizofika milioni 2. Uwiano wa pande lazima ubaki uleule. Anayeandika 1600 kwa 1600 huiharibu sura ya picha, na nyuso za watu hurefuka.

Ya pili ni kubana. Hapa nukta hubaki idadi ileile, ila faili huwa nyepesi. Mfumo wa JPEG hutupa maelezo ambayo jicho haliyakosi upesi. Ukibana mno, kingo za herufi huzungukwa na vumbi, na maandishi madogo ndiyo hudhurika kwanza. Tena, kila picha inapohaririwa na kuhifadhiwa upya katika mfumo huo, hupoteza kidogo zaidi.

Ya tatu tunapendekeza iitwe kupogoa, kama mkulima anavyopogoa matawi. Meza au mkeka unaoonekana pembeni mwa cheti huondolewa, nayo maandishi hayaguswi. Kwa cheti, kazi hii ndiyo ingefaa kutangulia, lakini ndiyo inayosahaulika agizo linaposema “punguza” tu.

Hatulibezi agizo lenyewe. Bando za intaneti zina gharama, na faili kubwa hukwama mtandao unapokuwa dhaifu. Lakini hata hapo usahihi wa lugha unasaidia. WhatsApp, kwa kawaida, hupunguza vipimo na kubana picha yenyewe. Anayepunguza kabla ya kutuma kwa njia hiyo huenda akaipunguza mara mbili. Picha ikitumwa kama hati, hufika ilivyo. Na tangu mwaka 2023 kuna pia chaguo la kutuma picha kwa ubora wa juu zaidi.

Wapo watakaosema kwamba haya ni ya mafundi wa kompyuta, si ya walimu wa lugha. Hatukubaliani nao. Fundi anajua tofauti ya kazi hizi hata akikosa maneno; asiye fundi hana pa kuzijulia ila katika maneno anayopewa. Akidhani kupunguza ni kama kukunja nguo, atafuta picha asilia akitumaini kuikunjua baadaye. Maji yakimwagika hayazoleki: nukta zilizotupwa hazirudi kwa kuikuza picha, programu hukisia tu kilichokuwapo.

Kwa hiyo tungependa agizo liandikwe upya hivi: “Hifadhi picha asilia. Tengeneza nakala, uipogoe, upunguze vipimo bila kubadili uwiano, kisha uibane kiasi, mara moja tu. Ikuze kwenye skrini; kama jina na tarehe havisomeki, usiitume.”

Ni refu kuliko la kwanza, lakini mzazi wa Lobule anaweza kulifuata na cheti kikasomeka. Walimu wanaofundisha utungaji wa maelekezo walijaribu darasani: wanafunzi wapewe agizo fupi na hili refu, kisha waeleze kila kitenzi kinaamuru nini.