Chupa Imefunikwa, Mfuko Uko Wazi: Uhakiki wa Filamu ya Blind Ambition

Katika filamu nyingi za michezo, mnyonge hutoka mbali, hupigwa, husimama tena, na mwishoni watazamaji hushangilia. Filamu ya Blind Ambition (2021), iliyoongozwa na Warwick Ross na Robert Coe, inapita njia hiyo hiyo, ila mchezo wenyewe si ndondi wala soka. Ni kuonja mvinyo. Nimeitazama mara mbili na nimeipenda. Hata hivyo, naona kwamba haikulijibu swali inalolizua yenyewe: ikiwa mvinyo unaonjwa bila mtu kuiona chupa, je, washindani wote wako sawa? Hoja yangu ni kwamba hawako sawa, na kwamba filamu inatuonyesha sababu zake bila kuzitaja.

Wahusika wakuu ni watu halisi: Joseph Dhafana, Tinashe Nyamudoka, Pardon Taguzu na Marlvin Gwese. Wote wanne walitoka Zimbabwe wakati uchumi wa nchi yao ulipoporomoka, wakaingia Afrika Kusini kutafuta riziki. Hawakukulia katika nyumba zenye mvinyo mezani. Walijifunza kazini polepole, hadi wakawa wataalamu wa kumshauri mteja wa hoteli na mikahawa ni mvinyo gani unaofaa kwa chakula gani. Jean-Vincent Ridon, aliyekuwa akiinoa timu ya Afrika Kusini, ndiye aliyewasukuma waunde timu ya Zimbabwe. Mwaka 2017 walisafiri hadi Burgundy, Ufaransa, kushiriki mashindano ya dunia ya kuonja mvinyo. Safari hiyo iliwezekana kwa sababu ya michango ya watu walioombwa kupitia intaneti.

Kwa upande wa maudhui, nguvu ya kwanza ya filamu ni kwamba haiwafanyi wahusika hawa kuwa watu wa kuhurumiwa. Wanacheka, wanataniana, wanabishana kuhusu glasi moja kama vijana wa mtaani kwetu wanavyobishana kuhusu penalti. Ukimbizi umo, na chuki dhidi ya wageni huko Afrika Kusini imo, lakini havikuwekwa ili kututoa machozi tu. Tunaelewa kwamba mtu aliyevuka mpaka bila uhakika wa kesho anaweza pia kuwa na pua kali na kumbukumbu ndefu. Hilo peke yake ni jambo kubwa. Sisi Waganda tunaishi na wakimbizi wengi, na mara nyingi tunawauliza wamekimbia nini, bila kuwauliza wanajua nini.

Sasa tuangalie mashindano yenyewe. Kila timu huletewa aina 12 za mvinyo, 6 nyeupe na 6 nyekundu, na chupa zimefunikwa. Washindani hutakiwa kutaja aina ya zabibu, nchi, eneo, mwaka na mtengenezaji. Filamu inalionyesha jambo hili kama mtihani wa ulimi na pua. Mimi naona ni mtihani wa safari. Huwezi kuutambua mvinyo wa kijiji fulani cha Burgundy kama hujawahi kuuonja, na huwezi kuuonja mara kwa mara kama bei yake ni mshahara wako. Mfaransa au Mbelgiji hupanda gari Jumamosi, akazunguka mashamba matatu, akarudi nyumbani na ladha mdomoni. Mzimbabwe anayefanya kazi Cape Town anahitaji viza, nauli na likizo. Kitambaa kinafunika chupa, lakini hakifunikii mfuko wa mtu wala pasipoti yake.

Ushahidi umo ndani ya filamu yenyewe. Kabla ya mashindano, Mfaransa Denis Garret, aliyekuwa kocha wao huko, anawazungusha Burgundy wakionja kwa haraka, kama mwanafunzi anayekariri usiku wa kuamkia mtihani. Watengenezaji wa filamu wanaligeuza tukio hili kuwa kichekesho, na kweli linachekesha. Lakini nyuma ya kicheko kuna jambo la uchungu: siku hizo chache zilikuwa zinajaribu kujaza pengo la maisha mazima. Zimbabwe ilimaliza ya 23 kati ya timu 24. Mwaka uliofuata, 2018, ilishika nafasi ya 14. Siamini kwamba pua za Wazimbabwe zilibadilika katika mwaka mmoja. Kilichobadilika, kwa maoni yangu, ni kwamba safari hii njia ilijulikana. Filamu inatuacha na ujumbe kwamba bidii hushinda yote, wakati nambari hizi mbili zinasema pia kwamba mlango ukifunguliwa kidogo, bidii iliyokuwepo siku zote huonekana.

Wanafunzi wa Kiswahili wa Kampala tunaijua hali hii. Usanifu wa lugha hii uliegemezwa kwenye Kiunguja tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Kwa hiyo mwanafunzi ambaye hajawahi kuvuka Busia wala Mutukula hupimwa kwa kipimo cha mahali ambako hajafika. Anaweza kuzitaja ngeli zote bila kukosea, lakini akifungua mdomo tu anaambiwa, “Wewe Mganda.” Sisemi kipimo kisiwepo. Nasema anayepima akumbuke nani aliweza kusafiri na nani hakuweza.

Jambo la pili ambalo filamu ingelichimba zaidi ni lugha ya ladha. Vitabu vya mvinyo hulinganisha ladha na matunda ya Ulaya, ambayo mtoto wa Zimbabwe au wa Masaka hajawahi kuyachuma. Kwanza anakariri tunda, ndipo akariri mvinyo. Hiyo ni kazi mara mbili, na hakuna anayempa alama za ziada. Lakini ladha zenyewe si ngeni kwetu. Kiswahili kina neno ukakasi, kwa ile hali ya ulimi kukauka na kusinyaa mtu akila tunda bichi, na hivyo ndivyo mvinyo mwekundu mchanga ufanyavyo. Kina ugwadu na uchachu. Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, wakulima husema mchuzi wa zabibu, na kila mmoja huko anaelewa. Kwetu Buganda, tonto hutengenezwa kwa kukanyaga ndizi mbivu kwa miguu, kama zabibu zilivyokanyagwa tangu zamani. Mzee akionja kidogo atakwambia kama maji yamezidi au kama mtama ulikaangwa vibaya. Huyo naye ni mwonjaji, ingawa hakuna jarida linalomwandalia mashindano.

Wahusika wenyewe wanaonekana kulielewa hili kuliko waongozaji. Nyamudoka ameuita mvinyo wake Kumusha, yaani nyumbani kwa Kishona. Dhafana ameuita wake Mosi, jina linalotokana na Mosi-oa-Tunya, maporomoko ya “moshi unaonguruma”. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kusikia moshi katika mosi. Watu hawa walizunguka kwenye mashamba ya wengine, wakajifunza majina yote ya huko, kisha wakabandika jina la kwao kwenye chupa. Kwangu mimi huo ndio ushindi, na haukuamuliwa na majaji wa Burgundy.

Kwa upande wa fani, filamu ina picha nzuri na mwendo wa haraka usiochosha. Kasoro yake ni kuamini mno kwamba Ufaransa ndiyo mwisho wa safari. Mashamba ya Cape yanaonekana kama kituo cha kupitia, ilhali ndiko watu hawa walikojifunzia kila kitu. Ningependa kuona filamu nyingine inayoanza pale hii inapoishia: Wafaransa wanne wameketi Harare au Kampala, mbele yao vibuyu 12 vimefunikwa, nao wanatakiwa kutaja kijiji, mwaka na mtengenezaji. Hapo ndipo tutajua kama ni ulimi unaopimwa, au ni njia ambazo mtu amewahi kupita.